Sanduku lililokaa kimya tangu Februari

Oktoba 2019 nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi yetu mjini Mtwara, upande wa bandarini, karani wa ghala la Newala akanikabidhi simu yake. Amenizidi umri kwa miaka kama ishirini. Namwita Mjomba, na yeye hunijibu hivyo hivyo, mjomba kwa mjomba. Simu ile ilikuwa ya kazi. Tangu msimu uishe alikuwa ameizima na kuifungia kwenye sanduku la bati nyumbani, maana mtu anayeshinda shambani akipulizia mikorosho salfa hana haja ya kuzunguka na simu ya ofisi. Sasa mwezi wa kumi umeingia, korosho zimeanza kushuka kutoka vijijini, na yeye ameandikiwa barua aeleze magunia 3 ya msimu uliopita yamekwenda wapi. Majibu yake yote yalikuwa kwenye barua pepe: picha za karatasi za mizani alizokuwa akizipiga na kuzituma kila jioni kabla ya kufunga ghala.

"Zimo zote humu, mjomba. Wewe zitoe tu kwenye karatasi."

Nikaziona. Mistari imepangana vizuri, tarehe upande wa kulia, alama ya kiambatisho pembeni. Novemba 27, Novemba 28, Desemba 1. Nikawasha data ili nizisukume kwenye kompyuta yangu. Kiduara kikazunguka juu ya kioo, kikasimama. Kisha mistari ikaanza kuondoka. Ilianzia juu ikashuka, kama mtu anayekunja mkeka, mpaka ukabaki ukurasa mweupe wenye maneno mawili: hakuna ujumbe.

Mjomba alidhani nimebonyeza pabaya. Akaichukua simu, akaizima, akaiwasha, akanirudishia. Mimi nilikuwa nimeshajua kilichotokea, kwa sababu aliyekifanya ni mimi, miezi mitatu nyuma.

Julai ya mwaka huo diski ya seva yetu ya barua ilifika asilimia 91. Tunahifadhi na kusafirisha korosho, na fundi wa kompyuta nilikuwa peke yangu. Nikatoa orodha ya akaunti ambazo hazijafunguliwa kwa siku 90. Zikatoka 23. Majina mengi sikuyajua. Nikaingia kwenye folda zao moja baada ya nyingine nikaandika amri ya kufuta, `rm`, na kazi ikaisha kabla ya adhuhuri.

Siku 90 zinaweza kuwa kipimo kizuri kwa ofisi inayofanya kazi Januari mpaka Desemba. Huku kusini minada ya korosho huanza Oktoba, inashika kasi Novemba na Desemba, na ikifika Februari au Machi ghala limebaki na mabaki ya vumbi la magunia. Karani wa msimu anarudi kwake. Kuanzia Mei yuko kwenye salfa. Sanduku lake la barua hukaa kimya miezi saba kila mwaka, na kimya hicho ni cha kawaida kama maji kupwa. Nimezaliwa Mikindani, nimeokota korosho za bibi yangu tangu sijaanza shule. Nilikuwa najua yote haya, na nilipokaa mbele ya kioo sikuyaleta mezani.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili ni la kiufundi, na ndilo lililoifuta simu ya Mjomba mbele ya macho yake. Nilifuta folda nikaziacha akaunti hai. Simu ilipopata mtandao ilijitambulisha kwa seva, seva ikaikubali kwa sababu jina na neno la siri vilikuwa bado vipo. Dovecot, programu inayowapa watu barua zao, ilipoona folda haipo ikatengeneza mpya, tupu. Kila sanduku lina namba yake ya utambulisho. Simu ikikuta namba imebadilika hujua kwamba hili si lile la zamani, hivyo hutupa nakala zote ilizonazo na kuanza upya na kile seva inachoionyesha. Seva ilikuwa inaonyesha utupu, na simu ikatii. Kama ningeanza kwa kuifunga akaunti, simu ingekataliwa mlangoni, ingeonyesha kosa la neno la siri, na picha zote zingebaki ndani yake.

Nilipoelewa hivyo nilimpigia karani wa Tandahimba palepale benchini. Nikamwambia asiwashe data, aweke simu kwenye hali ya ndege, apande basi aje. Alifika kesho yake. Tulifungua barua zake moja moja bila mtandao na kupiga picha kioo kwa simu nyingine, kutwa nzima, na karibu zote tukaziokoa. Ya Mjomba ilikuwa imeshapita.

Na bakapu? Ilikuwepo. Kila usiku seva ilinakiliwa kwenye kompyuta ya pili kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, na mimi ndiye niliyeiandika amri hiyo, pamoja na kile kipengele kinachoondoa kwenye nakala chochote ambacho hakipo tena kwenye asili. Usiku wa siku niliyofuta, kompyuta ya pili nayo ilifuta. Tangu hapo nakala ya namna ile naiita kioo cha kujitazamia: ukijikata shavu, na kioo kinaonyesha jeraha. Bakapu ni ile inayokumbuka jana na juzi hata kama leo umeharibu.

Tulijaribu njia moja ya mwisho. Barua ikitumwa ina pande mbili, na upande wa pili alikuwa meneja wa maghala aliyekuwa akizipokea. Alishaacha kazi Januari 2019. Nikafungua ukurasa wa kusimamia akaunti, jina lake halikuwepo. Nikaandika kwenye taarifa yangu: akaunti ilishafutwa, barua hazipatikani. Nilisaini.

Gunia la korosho ni kama kilo 80. Msimu ule Serikali ilinunua kwa Sh 3,300 kwa kilo. Magunia 3 yakawa Sh 792,000, na Mjomba akakatwa kwa miezi 6. Mimi ndiye niliyekuwa nachapa karatasi za mishahara. Kila mwisho wa mwezi jina lake lilitoka kwenye printa na Sh 132,000 pembeni yake.

Sasa nije Mei 2024.

Seva ilikuwa nyingine. Mwaka 2021 tulihamia kwenye mashine mpya na nikahamisha folda zote kama zilivyo. Mwishoni mwa Aprili 2024 diski yake ya GB 500 ilifika asilimia 94, tukaagiza kubwa zaidi kutoka Kariakoo. Jumamosi ya Mei 4 kimbunga Hidaya kikafika pwani, mvua ikaikata barabara ya Dar es Salaam huku Kilwa, upande wa Somanga, na mzigo wetu ukakaa ng'ambo na magari mengine yote. Jumapili ya Mei 12 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ya nchi nzima ikadidimia. Barua za ndani ya ofisi ziliendelea kwa sababu seva iko kwetu. Za nje zilikuwa zinangoja huko zilikotoka. Nyaya zikipona zingekuja kwa pamoja, na kufikia siku hiyo diski ilikuwa imebakiza GB 15.

Diski ikijaa kabisa, Postfix, programu inayopokea na kutuma barua kwenye seva, huwajibu wanaotuma kwamba nafasi haitoshi, warudi baadaye. Barua haipotei saa hiyohiyo. Seva inayotuma huiweka kwenye foleni na kujaribu tena, na ikiwa nayo ni Postfix yenye mipangilio ya kawaida itajaribu kwa siku 5 kabla ya kumrudishia mwenyewe. Nilikuwa na siku chache, na folda nyingi za zamani.

Safari hii sikuanza na kompyuta. Nilichapa orodha nikaipeleka masijala.

Mama wa masijala yetu alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Jalada lolote ukimwomba anakwambia liko rafu ya ngapi kabla hajanyanyuka. Nikamkuta anafunga mafaili kwa kamba nyeupe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini tena?"

Zilikuwa kurasa tatu, folda 61: jina la folda, ukubwa wake, na tarehe ya mara ya mwisho kufunguliwa kama inajulikana. Baadhi zilikuwa na akaunti iliyokaa kimya, baadhi hazikuwa na akaunti kabisa. Akavaa miwani, akachukua kalamu nyekundu, akasoma jina kwa jina kwa sauti. Kwa kila jina alikuwa na neno. Huyu amefariki, Mungu amrehemu, barua zake za madai ya mirathi zimo, usiziguse mpaka familia imalize. Huyu alikuwa wa mafunzo, alikaa miezi miwili. Huyu yuko Nanyamba anapulizia, atarudi mwezi wa kumi. Huyu naye wa msimu. Huyu naye.

Alipofika jina moja akacheka. "Huyu si binti yetu wa uhasibu? Ameolewa, jina limebadilika. Yuko hapo dirishani anakula chungwa."

Nikarudi mbio kwenye mashine kuangalia. Kweli. Anwani yake ilibadilishwa ikachukua jina la mume, lakini njia ya folda kwenye orodha ya akaunti ilibaki ile ya zamani. Mimi nilikuwa nimelinganisha majina ya folda na majina ya akaunti, nikahesabu folda yake kuwa haina mwenyewe. Ningeifuta, angepoteza barua za miaka 7 akiwa kazini. Namna iliyo sahihi ni kuiuliza Dovecot yenyewe: kwa kila akaunti iliyopo, nyumba yake iko wapi? Amri ya `doveadm user` inakujibu. Unakusanya njia zote hizo, na ni folda isiyotajwa na akaunti yoyote tu ndiyo unayoweza kuanza kuitilia shaka. Kuanza, kwa sababu bado hujamuuliza mtu.

Mama aliendelea. Ukurasa wa tatu, mstari wa nne kutoka chini, kalamu ikasimama.

"Huyu ndiye alikuwa anapokea za maghala."

Lilikuwa jina la yule meneja aliyeondoka Januari 2019. Nikamwambia, "Huyo hana kitu, Mama. Nimeingia mwenyewe, folda yake ni tupu."

Akageuza karatasi kunielekea, akaweka ncha ya kalamu kwenye safu ya ukubwa. "Kama ni tupu, mbona umeandika GB 11?"

Sikuwa na jibu. Namba ile niliiandika mimi, kompyuta ilinipa, na macho yangu yaliipita.

Hapa inabidi nieleze folda ya barua ilivyo ndani. Mfumo tunaotumia unaitwa Maildir. Kila barua ni faili lake. Ukifungua folda ya mtu unakuta vyumba vitatu: `new` kwa zilizofika hazijaonwa, `cur` kwa zilizokwisha kuonwa, na `tmp` kwa zile zinazoandikwa sasa hivi. Vyumba hivyo ni vya kikasha cha mapokezi tu. Zile folda mtu anazojitengenezea mwenyewe, pamoja na za zilizotumwa na za takataka, zinakaa pembeni ya hivyo vitatu na majina yake huanza na nukta. Kwenye Linux, mfumo unaoendesha seva yetu, kitu chenye nukta mwanzoni hakionyeshwi ukiorodhesha kwa `ls` ya kawaida. Ukipima ukubwa kwa nyota (`*`), alama inayosimama badala ya majina yote, nyota nayo inavipita. Yule meneja alikuwa mtu wa mpangilio. Kila barua iliyofika aliisogeza kwenye folda ya ghala husika, kikasha cha mapokezi kikabaki kitupu kila jioni. Mimi niliingia, nikaona vyumba vitatu havina kitu, nikatoka. Nilipoorodhesha tena kwa `ls -la` zilishuka folda 16. Ya tisa iliitwa `.Ghala Newala`.

Nikaielewa taarifa niliyoisaini 2019. Kufuta akaunti kwenye ukurasa wa usimamizi kunaondoa mstari kwenye orodha ili mtu asiingie na barua zisipokelewe. Folda kwenye diski inabaki palepale mpaka mtu aende kuiondoa kwa mkono. Folda ya meneja ilikuwepo siku ile Mjomba anasimama na simu tupu. Na kilichoinusuru na mkono wangu wa Julai ni kwamba orodha yangu ilitokana na akaunti, na yeye akaunti hakuwa nayo tena.

Sikuifungua siku hiyo. Barua za mtu ni za mtu hata akiondoka, na tangu Mei 1, 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo haimwachii fundi kuzama kwenye sanduku la mwenzake kwa sababu tu ana ufunguo. Niliandika maombi kwa uongozi nikieleza nataka folda gani, za kipindi gani na kwa nini, nikasubiri saini.

Wakati nasubiri nilishughulikia nafasi. Mama alikuwa ameweka alama za namna tatu: 38 za kuondoa, 15 za msimu, 8 za kuuliza. Za msimu na za kuuliza hatukuzigusa kabisa. Kwa zile 38 tulimpelekea mhasibu orodha, akazitoa 5 zenye ankara na malipo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na za karibuni kati ya hizo zilikuwa za 2020. Zikabaki 33.

Ningependa msomaji aliye fundi asimame kidogo kwenye jambo la tarehe. Nilijaribu kwanza kutumia tarehe za mafaili kujua barua zipi ni za zamani, na kompyuta ikaniambia karibu barua zote ni za siku moja ya Machi 2021. Ndiyo siku tuliyohama. Nilizinakili bila kuhifadhi tarehe zake, kila faili likavaa tarehe ya siku ya kuhama. Jina la faili lenyewe ndilo lisilobadilika. Katika Maildir jina huanza na namba ndefu, nayo ni hesabu ya sekunde tangu Januari 1, 1970. Faili linaloanza na 1546300800 lilifika saa tisa kamili usiku wa kuamkia Januari 1, 2019 kwa saa zetu. Ukizizoea unasoma msimu kwa tarakimu nne za mwanzo: 1543 ni siku za mwisho wa Novemba na mwanzo wa Desemba 2018.

Nilinunua diski ya nje ya TB 1 dukani mjini, nikaanza kunakili. Mistari ya makosa ikapita mbio, kwamba jina la faili halikubaliki. Kama ningekuwa nimeondoka kwenda msikitini, kama nilivyopanga, ningerudi nikakuta amri imekwisha na ningeamini nakala ipo. Sababu yake ni alama ya nukta mbili (`:`). Barua iliyokwisha kusomwa mwisho wa jina lake ina nukta mbili, tarakimu 2, mkato na herufi S. Diski za dukani huja zimefomatiwa kwa exFAT au mifumo ya Windows, na hiyo nukta mbili haiikubali kwenye jina. Kwa hiyo barua zisizosomwa zilikuwa zinanakiliwa na zilizosomwa, ambazo ndizo zenye kazi, zinaachwa. Nikakifuta nilichonakili, nikaifunga kila folda kuwa furushi moja kwa `tar`, na furushi ndilo nikalipeleka kwenye diski. Ndani ya furushi majina hukaa salama.

Kila furushi nililipigia alama yake ya ukaguzi kwa `sha256sum`, namba inayobadilika faili likibadilika hata kidogo, nikachapa karatasi, Mama akaifungulia jalada lake. Kisha nikaichomoa diski, nikaichomeka kwenye kompyuta ya uhasibu, nikapiga alama upya, tukalinganisha. Na bado hilo halinitoshi. Nilichukua furushi moja, nikalifungua ndani ya akaunti ya majaribio, nikaingia kama mtumiaji wa kawaida na kusoma barua, pamoja na kiambatisho. Nakala usiyowahi kuirudisha ni matumaini tu.

Halafu kufunga. Akaunti zilizokuwa bado hai kati ya zile 33 nilizizuia kwanza, kuingia na kupokea, nikakaa siku mbili nikitazama kumbukumbu za seva kama kuna simu au kompyuta inayogonga mlango. Moja iligonga. Ilikuwa mashine ya kuskani ya ghala la Masasi, inayotumia akaunti ya mtu aliyeondoka zamani kutuma nyaraka zake. Hakuna binadamu angeikumbuka, hata Mama. Tukaiundia akaunti yake, na folda ile ikatoka kwenye orodha. Zikabaki 32.

Kawaida, hatua ya katikati ni kuzisogeza folda pembeni kwa `mv`, kwenye diski ileile, na kuziacha humo. Kusogeza ndani ya diski moja ni kubadili jina tu, kunachukua nukta ya sekunde, na mtu akilalamika unarudisha kwa nukta ya sekunde. Hakutoi nafasi, kunakupa muda. Kwangu muda huo sasa ni msimu mzima: kilichosogezwa Mei hakifutwi mpaka Machi inayofuata, baada ya kila karani kurudi, kuwasha simu na kufanya kazi yake. Mei 2024 sikuwa na muda huo kwa zote, ndiyo maana nilihangaika na mafurushi. Folda 20 kubwa tulizifuta baada ya nakala zake kuthibitishwa. Zile 12 ndogo nilizisogeza tu.

Kufuta tulikufanya Jumanne saa nne asubuhi, jua linawaka, tumekunywa chai. Mama alisoma jina kutoka kwenye karatasi, mimi nikaandika njia kamili bila nyota na bila jina la mkato linalosimama badala ya njia, nikamsomea nilichoandika, akasema "ndiyo", nikabonyeza. Mara ishirini. Najua mtu anaweza kuandika amri moja ikazimaliza zote. Najua pia kwamba amri yenye jina la mkato lililosahaulika kujazwa inaweza kugeuka kuwa amri ya kufuta kila kitu kuanzia mzizi wa diski, na kwamba kwenye `find` ukiliweka neno la kufuta kabla ya masharti, inafuta kwanza. Dakika arobaini hazikunipunguzia kitu. Diski ilishuka mpaka asilimia 76. Intaneti iliporudi vizuri barua zilizokuwa zimekwama zikaingia, na zote zikapata mahali.

Saini ya uongozi ilitoka siku mbili baadaye. Tulikuwa watatu: Mama, mhasibu na mimi. Nikafungua `.Ghala Newala`, nikapanga kwa jina, nikateremka mpaka 1543. Barua za Mjomba zilikuwepo zote, za kila jioni. Ya Novemba 28, 2018 ilikuwa na picha mbili. Ya pili ni karatasi ya kupakia, imepigwa chini ya taa, kona moja imefunikwa na kidole chake. Magunia 3 yameandikwa kwa mkono chini ya hesabu ya lori la pili, na dereva amesaini.

Mhasibu aliikuza picha mpaka saini ikajaa kioo. Akavuta kiti akakaa.

Nilimpigia Mjomba jioni. Nilimwambia kwanza kuwa mimi ndiye niliyefuta folda yake Julai ile, jambo ambalo sikuwahi kumwambia kwa maneno hayo miaka mitano. Akanyamaza. Nikasikia kuku nyuma yake. Halafu nikamwambia tumezipata, upande wa pili, na kwamba ninaweza kumtumia kwenye simu sasa hivi.

"Kwenye simu usitume," alisema. "Chapa. Nakuja mwenyewe."

Alishuka na basi la Alhamisi, mashati mawili mwilini kwa sababu Newala asubuhi ni baridi, salfa imemkaa kwenye nyusi. Mama alimpa kiti chake. Alizisoma karatasi zote 40, hata zisizohusika, anazigeuza moja baada ya nyingine na kuzipanga sawasawa, na alipofika ya Novemba 28 akaweka kidole juu ya kile kidole kilichoonekana kwenye picha.